Koili ya mita 160 imeyeyusha bomba, SWR nzuri lakini hakuna anayenisikia

Mvuvi_wa_Mawimbi (Tanga)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimekwama wiki ya tatu sasa. Nimefunga antena ya kusimama ya mita 160 (yaani masafa ya wapenzi wa redio ya kama 1.8 MHz, sio urefu wake), mlingoti wa aluminiamu mita 10 kwenda juu, unene sentimita 5, chini nimeukalisha juu ya ubao wa plastiki ule mweupe wa kukatia nyama ili usiguse ardhi. Kiwanja ni kidogo, kama mita 20 kwa 20 na nyumba humo humo, kwaiyo habari ya mita 40 kwenda juu siwezi hata kuiota.

Koili ya kufidia ufupi wa mlingoti nimesuka mwenyewe, waya wa shaba nimeutoa kwenye mota ya feni iliyoungua, ule wa rangi ya kahawia wa nusu milimita, nikazungusha raundi 56 zimebanana kwenye bomba la plastiki la inchi 1 (lile la milimita 32). Nikapima, 1830 kHz ikakaa pale pale, SWR (kile kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio, 1 ndio bora) ni 1.3, nikafurahi kweli. Ardhi nimepiga nondo moja ya shaba mita moja na nusu karibu na mlingoti.

Sasa matatizo mawili. La kwanza, naita usiku kucha kwa Morse (ile ya nukta na mistari) na kwa FT8 (ule mtindo wa kidijitali wa kompyuta) kwenye 1840 na wati 100, hamna mtu, wakati mi nawasikia watu. La pili, jana baada ya kama dakika 20 za FT8 SWR ikaanza kupanda yenyewe, nikatoka na tochi, nikakuta bomba limelegea kama mshumaa, raundi za katikati zimezama ndani ya plastiki na rangi ya waya imekuwa nyeusi, harufu mpaka kwa jirani. Nimeshika kwa kitambaa bado ni la moto.

Swali langu, nisuke tena kwa waya mnene zaidi ndio itapona? Au bomba ndio baya? Na kwa nini SWR ilikuwa nzuri hivo na bado sisikiki?

Mzee_Koili (Moshi)

Karibu mwanangu, na pole kwa koili. Swali lako la mwisho ndio lenye dawa, ngoja nianze na hilo.

Mlingoti wa mita 10 kwenye 1830 kHz ni mfupi mno, urefu wa wimbi ni kama mita 164, kwaiyo wewe una asilimia 6 tu ya wimbi. Antena ya namna hiyo ukinzani wake wa kurusha, yaani ile sehemu ambayo kweli inapeleka nguvu hewani, ni kama omu 1.5 tu. Hesabu yake ni 395 mara (urefu wa mlingoti gawanya kwa urefu wa wimbi) kipeo cha pili, piga mwenyewe utaona. Sasa SWR yako ni 1.3, redio inataka omu 50, gawanya kwa 1.3, maana yake kwenye rezonansi (pale masafa yanapokaa) redio inaona kama omu 38. Jiulize, 1.5 ni yako, zile 36 na nusu zingine zimetoka wapi? Ni hasara tupu mwanangu, zimekaa kwenye koili na kwenye udongo. Kati ya wati 100, kama 4 tu ndio zinaruka, zilizobaki zinapasha joto funza na bomba la plastiki.

Ndio maana namwambia kila kijana anayeanza masafa ya chini, usiiamini SWR. Antena fupi ikiwa na SWR nzuri moja kwa moja bila ya kuunganishiwa kitu cha kulinganisha, ujue kuna kitu kinakula nguvu. Antena fupi iliyo NZURI itakupa SWR mbaya, 3 au 4, halafu wewe ndio unailinganisha kwa makusudi pale chini.

Koili yako yenyewe: mlingoti wako unahitaji koili ya kama maikrohenri 73 (ndio kipimo cha ukubwa wa koili), na hizo ulizipata, hongera, ndio maana masafa yalikaa. Lakini koili nyembamba ya waya mwembamba uliobanana ubora wake (ile Q) sidhani inavuka 100. Koili hiyo kwenye 1830 kHz ni kizuizi cha omu 844, gawanya kwa 100 unapata omu 8 na nusu za hasara. Wati 100 ndani ya omu 38 ni mkondo wa ampea 1.6, kwaiyo wati 22 zilikuwa zinageuka moto ndani ya kitu chenye ukubwa wa nusu ya betri kubwa ya tochi. FT8 inarusha sekunde 12 na kitu kwa kila 30, haikupi nafasi ya kutosha kupoa. Plastiki hii ikifika nyuzi 75, 80 inalegea, bomba halina kosa lolote.

Kwaiyo ndio, suka upya, lakini ujue koili imekula omu 8 tu. Nondo yako moja imekula kama 28. Adui mkubwa yuko chini ya miguu yako.

Mvuvi_wa_Mawimbi (Tanga)

Shikamoo mzee. Duh, hii imenifungua macho, mi siku zote nilikuwa najua SWR ikiwa chini basi kazi imeisha. Nielekeze basi koili mpya niifanyaje, ukubwa gani, waya gani, maana hapa nina kipande cha bomba la choo la inchi 4 na roli ya waya wa kufungia nyumba wa 2.5.

Mzee_Koili (Moshi)

Marahaba. Hivo hivo ulivyo navyo vinatosha, tena ndio vifaa ninavyotumia mwenyewe.

Shika hesabu hii moja, itakufaa maisha yako yote: kipenyo mara kipenyo mara raundi mara raundi, gawanya kwa (45 mara kipenyo, jumlisha 100 mara urefu wa koili). Vipimo kwa sentimita, jibu linatoka kwa maikrohenri. Kipenyo upime kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya upande wa pili, bomba la inchi 4 kwa nje ni sentimita 11, na waya wako utafika 11.4. Ukiacha nafasi kila raundi ichukue milimita 4, raundi 32 zinakupa urefu wa sentimita 12.8 na maikrohenri 74. Waya mita 11 na nusu. Umeona umbo lake, urefu unakaribiana na kipenyo? Hapo ndipo koili inapokuwa na afya, isiwe ndefu kama fimbo wala fupi kama sahani.

Waya usivue ganda, acha na plastiki yake, chumvi ya Tanga itakushukuru. Na usihangaike kutafuta waya mnene kama kidole, umeme wa masafa haya unapita juu juu tu kwenye ngozi ya shaba, kina chake ni milimita 0.05, kwaiyo kinachotakiwa ni uso mpana na raundi zisibanane. Zikibanana zinasukumiana mkondo upande mmoja na hasara inapanda.

Kusuka: toboa tundu dogo bombani, pitisha waya, funga fundo ndani. Ncha ya pili ifunge kwenye mti au kitasa cha mlango, halafu wewe shika bomba, tembea kuelekea mti ukilizungusha na kuegemea nyuma kidogo ili waya ukae umekaza. Wa pembeni akuangalizie nafasi. Ukimaliza paka mistari minne ya gundi ngumu ya kuchanganya kutoka juu hadi chini, usipake koili nzima.

Bin_Pwani (Lamu)

Mzee hapo kwenye nafasi ya milimita 4 ongeza hili, kuna njia ya kivuvi. Chukua mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, zungusha waya na mshipi kwa pamoja vikiwa sambamba, raundi moja ya waya, moja ya mshipi, mpaka mwisho. Ukishapaka gundi ikakauka unauvuta mshipi unatoka wote, nafasi zimebaki sawa utadhani imetoka kiwandani. Nimefanya hivo koili tatu. Ukitaka unaweza kuuacha mshipi humo humo, hauli nguvu.

Dada_80m (Nakuru)

Samahani naingilia, mimi niko mita 80 zaidi lakini nimepitia haya. Kwani msimshauri aiweke koili katikati ya mlingoti badala ya chini? Mkondo unakuwa mkubwa kwenye nusu yote ya chini na antena inarusha vizuri zaidi. Yangu ya 80 niliihamisha kutoka chini nikaiweka katikati na nikaona tofauti, japo ilinibidi niongeze raundi nyingi.

Mzee_Koili (Moshi)

Dada uko sahihi kabisa, katikati inarusha vizuri kuliko chini. Bei yake ni kwamba koili inakuwa karibu mara mbili, huyu kijana atahitaji kama maikrohenri 150, na hasara ya koili nayo inapanda pamoja. Halafu kilo moja ya koili katikati ya bomba la aluminiamu, Tanga, kusi ikianza kuvuma... mi nisingelala.

Kuna kitu kizuri kuliko hicho na hakina uzito. Mpe kofia. Mvuvi, hapo kwako kuna miti?

Mvuvi_wa_Mawimbi (Tanga)

Minazi mitatu, mmoja wangu miwili ya jirani, yote imepita mlingoti kwa urefu. Mmoja uko upande wa mashariki kama mita 10 na mwingine magharibi kama mita 11 hivi.

Mzee_Koili (Moshi)

Mwanangu wewe ni tajiri na hujijui.

Kutoka kileleni mwa mlingoti vuta waya mmoja mita 8 kuelekea mnazi wa mashariki, mwingine mita 8 kuelekea wa magharibi, zote mbili ziunge na kilele cha mlingoti, mwisho wake weka kizio na kamba. Umepata herufi T. Zile waya hazirushi kitu cha maana, kazi yake ni kuwa ghala la chaji juu, ili mkondo upande mlingoti wote badala ya kufa njiani.

Tazama kinachotokea. Mlingoti peke yake una kama pikofaradi 103 (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji). Kila mita ya waya wa juu inaongeza kama 5 na nusu, kwaiyo mita 16 ni karibu 90 zaidi, jumla inakaribia 190. Koili inayohitajika inashuka kutoka maikrohenri 73 hadi 40 na kitu, yaani raundi 20 badala ya 32. Ukinzani wa kurusha unapanda kutoka 1.5 hadi kama 3.2, zaidi ya mara mbili. Waya wa mita 16 umekupa vyote viwili kwa mpigo, hakuna koili duniani itakayokupa hivo. Mi nimesuka koili miaka na nazipenda, lakini nasema kwa moyo mweupe, koili bora ni ile uliyoweza kuipunguza.

Suka raundi 22, toa moja moja mpaka masafa yakae. Ni rahisi kupunguza kuliko kuunga.

Sasa ardhi. Unahitaji waya nyingi zimelala chini kuzunguka mlingoti kama miale ya jua. Ukiwa na waya kidogo ni afadhali nyingi fupi kuliko chache ndefu. Kwa kiwanja chako waya 24 za mita 10, ambazo hazifiki kwa sababu ya nyumba zikate zinapoishia au zipinde. Hiyo ni mita 240, usinunue waya wa nyumba ni gharama. Tafuta kebo ya intaneti ya bluu au ya kijivu, ndani ina nyuzi nane, mita 30 za kebo ukizifumua unapata mita 240 kamili. Zilaze juu ya nyasi uzibane kwa pini za waya, baada ya mvua moja nyasi zitazimeza.

Bin_Pwani (Lamu)

Kuhusu minazi, usifunge kamba moja kwa moja mtini. Mnazi unayumba, upepo ukipiga miwili inakwenda pande tofauti na waya unakatika usiku wa manane. Mpe mkwezi kapi, hili la jahazi la kawaida, alifunge chini ya makuti, kamba ipite kwenye kapi ishuke chini mwisho uning'inize jiwe la kilo 4 au 5 au kidumu cha maji. Mti ukiyumba jiwe linapanda na kushuka, waya unabaki na mkazo ule ule. Jiwe lisining'inie sehemu watoto wanapopita.

Na koili ifunike kwa ndoo ya plastiki iliyogeuzwa chini juu, toboa matundu pembeni hewa ipite. Usiweke kwenye debe la bati kamwe, bati likiikaribia koili linaiua. Huku pwani umande wa alfajiri tu umejaa chumvi, nilikuwa na koili wazi, asubuhi cheche zinatambaa juu ya plastiki.

Mzee_Koili (Moshi)

Cheche hizo ni volti, na hili nilitakiwa kulisema mapema. Hata na T, wati 100 zitaweka kama volti 1,200 juu ya koili. Bila T ukiwa na ardhi nzuri zingefika zaidi ya 2,000. Zungushia uzio wa mbao au wa plastiki, mtoto wala mbuzi asiguse mlingoti wakati unarusha. Moto wa masafa haya unachoma nyama kwa ndani na kidonda chake hakiponi haraka. Na mawingu yakianza kunguruma chomoa antena uitupe nje ya dirisha.

Juma_wa_Köln (Ujerumani)

Salamu kutoka baridini. Nimefurahi kuona mada hii kwa Kiswahili, huku nilijifunza yote haya kwa Kijerumani na kichwa kiliuma.

Mimi nacheza mita 630, yale masafa ya 472 hadi 479 kHz ambayo makubaliano ya kimataifa ya 2012 yaliwapa wapenzi wa redio, kwa kikomo cha wati 1 EIRP (hesabu inayojumlisha na jinsi antena inavyoelekeza nguvu, ndio maana inazidi wati zinazoruka kweli). Mzee antena yangu ni hiyo hiyo uliyomchorea Mvuvi, T ya mita 10, pikofaradi 190. Lakini masafa yakishuka koili inakuwa jitu, 475 kHz inataka kama maikrohenri 590. Nimesuka kwenye ndoo kubwa ya rangi yenye kipenyo cha sentimita 30, raundi 46, waya mita 43. Huku chini waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizofunikwa kila mmoja peke yake ndio unaleta faida, kwenye mita 160 usipoteze hela zako.

Ukinzani wa kurusha kwangu ni omu 0.2 na hasara kama 37. Nusu asilimia na ushee tu ndio inaruka. Kama wati 60 za redio zinanipa ile wati 1 inayoruhusiwa, na bado nasikika nchi za mbali usiku wa majira ya baridi. Kwaiyo Mvuvi usikate tamaa na asilimia zako.

Kitu kimoja cha kukusaidia, ndani ya koili kubwa nimeweka koili ndogo inayozunguka kwa mhimili wa mbao, imeungwa nayo mfululizo. Ukiigeuza upande mmoja inaongeza, upande wa pili inapunguza. Mvua ikinyesha na masafa yakateleza nageuza tu, sipunguzi wala kuongeza raundi. Kwenye leseni ya nchi yako angalia kwanza kama 630 imo kabla hujajaribu.

Mvuvi_wa_Mawimbi (Tanga)

Wakuu nimerudi, siku 16 zimepita. Nieleze kwa mpangilio.

Kwanza nililaza waya za chini kabla ya kugusa kitu kingine, nikiwa na koili mpya ya raundi 32 kwenye bomba la inchi 4, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Na nondo peke yake kipimo kilisoma omu 31. Waya 8, omu 21. Waya 16, omu 16. Waya 24, omu 13 na nusu. Kila nikiongeza waya SWR inazidi kuwa MBAYA, mke wangu akaniuliza mbona unaharibu huku unacheka.

Halafu mkwezi akapanda, makapi mawili, T ikakaa. Koili imeishia raundi 20 na robo. Omu 14 sasa, mzee ndio umesema 3 na kitu kati ya hizo ni za kurusha. Nimerusha FT8 nusu saa nzima nikaenda kuishika koili baada ya kuzima redio, vuguvugu tu kama chai iliyosahaulika.

Sasa SWR ni 3.6 na redio inapunguza nguvu yenyewe. Nilinganishe vipi?

Mzee_Koili (Moshi)

Safi sana mwanangu, sana, hiyo orodha ya 31, 21, 16, 13 na nusu naomba kila anayepita hapa aisome mara mbili.

Kulinganisha ni koili ndogo tu. Bomba la inchi 2, waya huo huo, nafasi hiyo hiyo, raundi 6, unapata kama maikrohenri 2.7. Iunge pale chini kati ya waya wa kati wa kebo inayotoka kwenye redio na zile waya za ardhini, sio mfululizo na koili kubwa, ni pembeni yake. Halafu koili kubwa punguza kama nusu raundi. Cheza na hizo mbili, bana au tanua raundi za ile ndogo kwa vidole mpaka SWR ishuke. Faida ya pili, koili hiyo ndogo inamwaga ardhini chaji za upepo na vumbi zinazojaa kwenye mlingoti, redio yako itapumua.

Mvuvi_wa_Mawimbi (Tanga)

Imekubali! SWR 1.1 kwenye 1832, na inabaki chini ya 2 kwa kama kHz 40 hivi. Jana saa 12 na nusu jioni jua ndio limezama nimeita kwenye 1840, raundi ya pili tu akanijibu mtu wa Afrika Kusini, ripoti ya nguvu minus 17. Alfajiri nimempata mwingine wa Italia. Kelele za radi kwenye kusikiliza ndio balaa sasa, nasikia tu krakra za mvua za bara usiku mzima, nao wananisikia mimi vizuri kuliko ninavyowasikia.

Dada_80m (Nakuru)

Hongera kaka! Kwa kelele usisikilizie hiyo antena ya kurushia, tengeneza kitanzi kidogo cha waya cha kusikilizia tu, kiweke mbali na nyumba na ukigeuze mpaka kelele zipungue. Kufikia Juni, Julai huko kwetu wote radi zinapungua utaona masafa yanakuwa kimya. Mimi leo naenda kufumua kebo ya intaneti.